Nauza Mercedes yangu ina mikwaruzo: niipige rangi kwanza au niiuze hivi hivi?

Kiti cha Nyuma
Wakuu, habari za muda huu.

Nimeamua kuachana na gari yangu baada ya miaka 9. Ni Mercedes-Benz E 240, bodi ya W211, ya mwaka 2004, rangi ya fedha, imetembea kilomita 187,000. Injini na gia sina cha kulalamika: inawaka mara moja, haitoi moshi, gia zinaingia bila mshtuko. Tatizo ni sura. Imechoka usoni kama mwenyewe.

Aibu zenyewe ni hizi. Mlango wa nyuma kulia una mkwaruzo wa urefu wa mkono, kuanzia chini ya kitasa kwenda nyuma. Niliukwangua mwenyewe kwenye nguzo ya geti, narudi nyuma huku nabishana na abiria (abiria ni mke wangu, tusiendelee hapo). Bampa ya mbele ina vidonda vya kokoto. Rimu mbili za kushoto zimelika kingo. Taa za mbele zimekuwa njano kama meno ya mvuta tumbaku. Kiti cha dereva, ule ubavu unaousugua wakati wa kushuka, ngozi imepasuka mistari mistari. Halafu ile nyota ya kwenye boneti haipo, niliamka asubuhi moja nikakuta kimebaki kitako.

Fundi mmoja kaniambia nipige rangi gari nzima, eti ikitoka pale itajiuza yenyewe. Mke anasema iuzwe ilivyo. Nisaidieni kabla sijaingiza mkono mfukoni.

Dalali Mstaafu
Msikilize mke.

Nimesimama katikati ya watu wawili wanaouziana gari mara nyingi kuliko nilivyolala vizuri. Mnunuzi akikuta gari ya miaka mingi inang'aa kama imetoka kiwandani jana, hafurahi. Anajiuliza: ilipinduka lini? Kuanzia hapo kila unalosema ni utetezi. Unamwambia "nilitaka ipendeze tu", anaitikia kwa kichwa, halafu anachuchumaa kutazama chini ya bampa.

Mkwaruzo kila mtu anauelewa. Rangi mpya inahitaji maelezo.

Roho ya Paka
Mzee nakuheshimu lakini hapa nakataa. Watu wananunua kwa macho. Mimi niliuza sedani yangu ikiwa na bampa iliyopauka, wiki sita hakuna aliyekuja hata kuigusa. Nikapiga rangi bampa zote mbili, siku mbili ikaondoka. Nadharia za uaminifu ni nzuri, lakini picha ndiyo inayomleta mtu. Asipokuja, huo uaminifu utamwonyesha nani?

Binti Gia
Roho ya Paka, bampa ni plastiki, kila mtu anajua inachubuka. Paneli ya bati ni kesi nyingine. Nami nilifuata ushauri kama wako nikaumia. Fenda moja ilikuwa na mchubuko mdogo, nikaipeleka kwa fundi kabla ya kuuza. Gereji ile sitaitaja. Ndani ya gereji rangi ilikuwa sawa kabisa, nikalipa, nikashukuru. Nimetoka nayo juani, fenda ina rangi yake na mlango una yake, utadhani magari mawili yameunganishwa. Kila aliyekuja alianzia pale pale: "Hapa uligongwa?" Kabla ya rangi nilikuwa na mchubuko wa kiganja. Baada ya rangi nikawa na ajali ambayo haikuwahi kutokea. Nikaiuza chini ya ofa niliyoikataa mwanzo.

Fundi Msasa
Mimi kazi yangu ni rangi. Ningekuwa na njaa leo ningekwambia lete gari.

Rangi ya fedha ni mtihani. Ndani yake kuna chembe ndogo za alumini zinazorudisha mwanga, na namna zinavyolala inategemea presha ya bunduki, umbali wa mkono, mwendo wa mkono, hata hali ya hewa ya siku hiyo. Kopo moja, mafundi wawili, fedha mbili tofauti. Ndicho kilichompata Binti Gia. Fundi anayejua kazi hapigi mlango peke yake, anaififisha rangi mpaka kwenye paneli za jirani ili jicho lisione mpaka. Sasa mlango wako wa nyuma una jirani wawili, mlango wa mbele na ubavu wa nyuma. Mkwaruzo mmoja umegeuka paneli tatu. Kwa gari unayoiaga hiyo ni sadaka.

Kabla ya lolote, osha ule mlango, ukauke, pitisha ukucha kuvuka mkwaruzo. Ukucha ukiteleza, jeraha limeishia kwenye klia, ule utando wa juu usio na rangi, polishi italitoa. Ukinasa, limeshafika chini na polishi itapunguza tu ukali wa kingo. Angalia rangi iliyomo ndani ya mstari. Ukiona kijivu ni praima, ile rangi ya kwanza ya chini, chuma bado kimefunikwa. Ukiona chuma chenyewe, gusisha rangi ya brashi hata leo jioni, kutu haisubiri mnunuzi.

Na usimruhusu mtu akupigie polishi ya kukata gari nzima kwa hasira. Klia ya kiwandani ni kama mikroni 40 hadi 50, nyembamba kuliko unywele, na kila ukikata unapunguza. Mercedes walianza kutumia klia yenye chembe za nano mwishoni mwa 2003, ngumu kuliko ya zamani, kwa hiyo kama yako inayo, polishi itamchosha fundi na atashawishika kukandamiza mashine. Akikandamiza kwenye ukingo wa paneli, pale klia ni nyembamba zaidi, anaichoma mpaka kwenye rangi. Hapo ndipo utapiga rangi kwa lazima.

Pesa yako ipeleke kwenye taa. Lenzi ile ni polikaboneti, inatoka kiwandani na koti la kuzuia mionzi ya jua. Koti likifa ndiyo unjano unaanza. Inakwanguliwa kwa msasa wa maji, namba 800, 1500, 2000, 3000, halafu polishi, halafu LAZIMA koti jipya la kuzuia mionzi. Wengi wanaruka hatua ya mwisho, taa inang'aa siku ya kuuza na baada ya miezi michache imerudi njano. Dawa ya meno inafanya kazi mpaka picha ipigwe, basi.

Kiti cha Nyuma
Nimerudi kutoka nje na tochi ya simu, majirani wanadhani nimeibiwa.

Mkwaruzo mrefu, sehemu kubwa ukucha unateleza. Ila katikati kuna kipande cha urefu wa kiganja, pale nguzo ilipobana, ukucha unanasa na ndani naona kijivu. Chuma sijakiona popote. Kutu hakuna.

Roho ya Paka, bampa ya mbele vidonda ni vidogo, kwa mbali havionekani. Nadhani nitaiacha.

Sindano na Uzi
Mmeisahau ngozi, na mnunuzi akishaingia ndani hapo ndipo anapokaa.

Kwanza hakikisha ni ngozi kweli. Magari haya mengi yalitoka na ngozi ya bandia, na ile ni ngumu sana, inaweza kukaa miaka bila ufa. Mara nyingine kiti kina ngozi pale unapokalia, pembeni na nyuma ni bandia. Usiandike "ngozi tupu" kwenye tangazo kama huna uhakika.

Hiyo mipasuko ya ubavuni mara nyingi iko kwenye koti la rangi lililo juu ya ngozi, ngozi yenyewe bado nzima. Chukua maji ya uvuguvugu, sabuni laini, brashi ya nywele laini, sugua taratibu kwa mizunguko midogo, futa povu kabla halijakauka. Kitambaa chako kitatoka cheusi na utaona haya. Kile kiti unachokiona kinang'aa si kwamba kina afya, ule ni uchafu na mafuta ya mwili. Ngozi safi ya gari haing'ai.

Usipake mafuta ya kupikia, usipake silikoni. Nimeona viti vinavyoteleza mpaka mtu akikata kona anaenda kukaa kwa jirani. Mipasuko ikiwa mikubwa kuna kijazio laini na rangi yake, kazi ya saa chache kwa anayejua. Kwako ningesafisha tu, nikapiga picha, nikaacha.

Roho ya Paka
Na nyota? Mtasema nayo aiache ili awe mwaminifu?

Dalali Mstaafu
Hahaha. Nyota nunua. Kile kitako mtupu kinaongea vibaya kuliko mkwaruzo, kinamwambia mnunuzi kwamba mwenye gari alishakata tamaa siku nyingi. Kuifunga ni kuizungusha robo kutoka chini ya boneti. Ila nunua inayolala ukiisukuma na kuinuka yenyewe, zile za bandia zinasimama kama msumari.

Mzee Spana
Nimesoma yote nikacheka kidogo. Mnabishana kuhusu mkwaruzo na hakuna aliyeuliza breki.

Kiti cha Nyuma, hiyo W211 yako ni ya 2004. Ina breki za SBC. Kwa wasiozijua: ukikanyaga pedeli, ni kompyuta inayopokea na kuagiza presha kila gurudumu, na kuna pampu ya umeme inayoweka presha akiba. Mercedes waliyaita magari mengi kurudi kukaguliwa mfumo huo, 2004 na tena 2005, na W211 iliyofanyiwa mabadiliko 2006 ikarudi kwenye breki za kawaida. Kitengo cha breki hizo kina kaunta inayohesabu ulivyokanyaga breki. Hesabu ikifika kikomo, onyo linawaka kwenye dashibodi hata kama breki zinashika vizuri.

Mnunuzi yeyote aliyesoma kidogo kuhusu gari hii atauliza hilo kabla hajauliza kitu kingine. Je, kitengo kilishabadilishwa? Lini? Una karatasi? Jibu lako hapo ndilo litakalopandisha au kushusha bei. Mlango hautakushusha kama hilo.

Pia kama unabadilisha pedi kabla ya kuuza, SBC inazimwa kwanza kwa mashine. Ina tabia ya kuamka yenyewe. Hata ukifungua mlango injini imezima utasikia ziiii, pampu inajaza presha. Vidole vikiwa kwenye kaliper wakati huo, pole.

Kagua pia mafuta ya gia. Gia yako ni ile ya spidi 5, ina plagi ya umeme inayovuja mafuta pembeni ya gia, na mafuta yale yanapanda ndani ya waya mpaka kwenye kompyuta yake. Mpira wake ni kitu kidogo. Na plagi za injini ni 12, si 6, kila silinda ina mbili, kwa hiyo risiti ikionyesha 6 ujue kuna nusu zimelala humo miaka.

Kiti cha Nyuma
Mzee Spana umenifanya nifungue sanduku ambalo sijaligusa tangu nihame nyumba. Nina faili zima. Risiti za oili, za plagi (12! nimehesabu), mafuta ya gia, shokapu za mbele. Na kitengo cha breki kilibadilishwa, karatasi ipo, imeandikwa namba ya chesisi na kilomita 121,000. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nakumbuka tu siku ile nililalamika kuhusu bei.

Dalali Mstaafu
Hilo faili ndilo gari. Hiyo nyingine ni bati.

Kiti cha Nyuma
Siku tatu baadaye. Taa zimekwanguliwa, zimepakwa koti, gari imepata macho. Nyota ipo. Kiti nimekisafisha mwenyewe, maji yalitoka rangi ambayo sitaki kuielezea. Mkwaruzo umepigwa polishi kwa mkono, sehemu nyepesi imetoka, kimebaki kile kipande cha kiganja, nimekigusisha rangi ya brashi kidogo ndani ya mstari. Kinaonekana bado. Rimu nimeziacha.

Tangazo langu hili hapa, nikosoeni:

"Mercedes E 240 ya kifahari sana, hali nzuri mno, haina tatizo lolote, mmiliki mmoja mwangalifu, njoo uone mwenyewe, maelewano yapo."

Binti Gia
Kaka, hilo tangazo nimeshalisoma mara elfu, wewe umebadilisha jina la gari tu.

"Haina tatizo lolote" futa. Ataona mlango. "Mmiliki mmoja" ni wewe tangu ilipotoka kiwandani? Umesema miaka 9, gari ni ya 2004. Kuna mwenye nayo kabla yako. Akiiona kadi umeshakuwa mwongo, na hukukusudia. Na "maelewano yapo" ukiiandika, umeshapunguza bei kabla mtu hajabisha hodi.

Dalali Mstaafu
Mwenzangu kasema. Nakuandikia, urekebishe upendavyo:

"Mercedes-Benz E 240 (W211), 2004, rangi ya fedha, kilomita 187,000. Nimekuwa nayo miaka 9. Faili la risiti lipo lote, ikiwemo kitengo cha breki za SBC kilichobadilishwa ikiwa na kilomita 121,000. Injini na gia hazina kelele wala kuvuja, njoo na fundi wako. Sura: mlango wa nyuma kulia una mkwaruzo (picha ya 7), rimu mbili za kushoto zimelika kingo (picha ya 8 na 9), ubavu wa kiti cha dereva una mipasuko (picha ya 10), bampa ya mbele ina alama za kokoto. Haya yote nimeshayatoa kwenye bei."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Bila hiyo mtu atakuja na kidole, atagusa mkwaruzo na kusema "hapa punguza", atagusa rimu "hapa punguza". Ukishamwandikia kabla, kidole hakina kazi.

Picha piga asubuhi mapema au jioni jua likilala, gari ikiwa KAVU. Gari iliyomwagiwa maji inaficha kila kitu na wanunuzi wanajua ujanja huo. Mkwaruzo upige kwa karibu, weka sarafu pembeni uonekane ukubwa wake. Halafu upige tena ukiwa hatua tano nyuma, maana kwa karibu kila kidonda kinatisha.

Kiti cha Nyuma
Limepanda jana usiku. Ripoti ya saa kumi na mbili za kwanza: ujumbe 14. Tisa wameandika "Bado ipo?" na nikijibu ipo wanapotea kama mizimu. Watatu "bei ya mwisho?" bila hata salamu. Mmoja anataka tubadilishane na pikipiki mbili. Mmoja kauliza kuhusu SBC.

Mzee Spana
Huyo mmoja ndiye mnunuzi.

Kiti cha Nyuma
Wakuu nimevurugwa. Leo amekuja mtu na msindikizaji wake, yule msindikizaji ana sumaku mfukoni. Kaiweka mlangoni, imenata. Kaiweka kwenye boneti, imeanguka. Fenda ya kulia, imeanguka. Fenda ya kushoto, imeanguka. Buti, imeanguka! Akasema kwa sauti mpaka jirani katoka: "Gari hii mbele yote ni puti, iligongwa ikasambaratika." (Puti ni lile dongo la kujazia mabonde kabla ya rangi.) Akataka nusu ya bei. Nimewaambia waondoke lakini moyoni nina wasiwasi. Nimeendesha gari yenye puti miaka 9?

Mzee Spana
Tulia. Boneti, fenda za mbele na mfuniko wa buti wa W211 ni alumini kutoka kiwandani. Sumaku haishiki alumini. Ingeshika ndiyo ungepaswa kushtuka, maana yake mtu kafunga boneti ya chuma isiyo yake.

Huyo msindikizaji ama hajui, ama anajua sana.

Fundi Msasa
Nyongeza: vipo vipimo vya unene wa rangi vinavyosoma chuma peke yake, navyo kwenye alumini vitakaa kimya au kutoa namba za ajabu. Anayetaka kupima gari hii aje na kipimo kinachosoma vyote viwili. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya mikroni 100 na 180 hivi. Ukifika 250, 300, hapo pamepigwa mara ya pili. Ukivuka 1,000 hapo kuna puti. Bampa hazihesabiki, ni plastiki.

Alumini ina tabia yake nyingine: haipati kutu nyekundu, inavimba vipele chini ya rangi na ukipasua ndani ni unga mweupe. Pitisha kiganja kwenye kingo za boneti.

Kiti cha Nyuma
Nimepitisha. Laini. Nimelala.

Msomaji Kimya
Samahani wakuu, nafuatilia tangu mwanzo sijawahi kuandika. Nami nina sedani ya kuuza, ina bonde la ukubwa wa sarafu mlangoni, rangi haijapasuka. Nayo niiache?

Fundi Msasa
Hilo usiliache. Bonde ambalo rangi haijapasuka linasukumwa kutoka ndani kwa vyuma maalumu, hakuna msasa wala rangi, na paneli inabaki ya kiwandani. Kwenye mlango wa chuma ni kazi fupi. Kwenye alumini fundi atajikuna kichwa kidogo, haina utii kama chuma.

Roho ya Paka
Kwa hiyo kuna kitu mnakubali kitengenezwe 😄

Fundi Msasa
Chochote kisichoacha rangi mpya nyuma yake.

Kiti cha Nyuma
Aliyeuliza SBC amekuja leo. Ni mama wa makamo, peke yake, hakuja na fundi, kaja na kipimo cha rangi kwenye pochi. Nikamsalimia, akaniambia "mwanangu usinieleze kitu kwanza", akaanza kuzunguka.

Boneti 121. Fenda 115 na 119. Mlango wa mbele 128. Mimi namfuata nyuma kama mwanafunzi. Akafika kwenye mlango wangu wa aibu, akaweka kipimo juu ya mkwaruzo, chini yake, mbele yake: 124, 122, 126. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Huu mlango haujawahi kuguswa." Ndiyo, mama. "Ungeupiga rangi nisingejua kilichokuwa chini."

Nikaanza kujisikia mtu. Akaenda kwenye buti. 274. Akarudia. 281.

Wakuu, miguu ilikufa ganzi. Sikujua. Nikamwambia ukweli wangu: mimi sijawahi kuipiga rangi pale, itakuwa ilifanyika kabla yangu. Hakusema kitu. Akafungua buti, akatoa zulia, akatoa tairi ya akiba, akamulika sakafu, maungio, gundi ya kiwandani pembeni, kona zote mbili. Dakika kama kumi. Mimi nimeshika tairi ya akiba mkononi sijui pa kuiweka.

Akainuka akasema sakafu imenyooka na gundi ni ya kiwandani, ni mfuniko tu uliopakwa. Akasema pia, na hili nalinukuu kwa sababu Dalali Mstaafu atalifurahia: "Kama usingeniandikia rimu na kiti, hapa ningeondoka."

Kakaa ndani saa nzima na faili. Kaendesha. Kapunguza kidogo kwa ajili ya buti, nikakubali bila kubisha.

Dalali Mstaafu
Nimelifurahia.

Sasa usilegee mwishoni. Pesa ionekane kwenye akaunti yako kwanza, si picha ya ujumbe wa benki. Mkataba wa mauzo uandike tarehe na SAA ya kukabidhiana, namba ya chesisi muisome pamoja kwenye gari, si kwenye kadi peke yake, inaanza WDB211. Andikeni humo pia mkwaruzo, rimu, kiti na ule mfuniko wa buti, wote mtie sahihi. Umiliki uhamishwe siku hiyo hiyo, la sivyo faini zake zitakufuata wewe.

Kiti cha Nyuma
Imeondoka leo saa nane mchana. Pesa imeingia, karatasi zimehamishwa, funguo mbili nimempa, faili nimempa, hata ile soketi ya boliti ya kufuli ya rimu niliikumbuka. Mke kanitazama nikiiangalia inakata kona, akaniuliza kama nalia. Vumbi tu.

Asanteni sana wakuu, uzi ufungwe.

Kiti cha Nyuma
Usifungwe kwanza. Saa nne usiku huu simu imeita, ni yule mama, sauti ya chini kabisa kama yuko na mwizi ndani ya nyumba. "Mwanangu, nimefungua mlango kuchukua miwani yangu, gari imezima, na ndani yake kuna kitu kinalia ziiii."

Mzee Spana
Hukumwambia?

Kiti cha Nyuma
Nilimweleza kila kidonda cha gari ile isipokuwa hilo. Nimemwambia ni breki zinaamka, achukue miwani, afunge mlango, akalale.